Geji ya oili inalala chini lori likipata moto: nishushe sampu au nianze na waya?

MahindiKibaigwa

Wakuu, habari za jioni. Nina lori la Kijapani la tani kumi, silinda sita, pampu ya dizeli ya kizamani, halina kompyuta hata moja, umeme wake volti 24. Kazi yake ni kubeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar na kurudi na saruji au mabati. Alizeti zikikomaa linapanda Singida. Lori hili ndilo linalolisha nyumba mbili, yangu na ya dereva wangu, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Tatizo ni geji ya oili. Asubuhi injini ikiwa baridi mshale unasimama pazuri, juu kidogo ya katikati. Dereva anatoka na mzigo, akifika Gairo injini imeshapata moto. Akisimama pale, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, mshale unaanza kushuka. Haushtuki wala haurukiruki. Unashuka taratibu, kama vile kweli oili inaisha, mpaka unalala chini kabisa. Akikanyaga mafuta unapanda tena taratibu vilevile. Njiani anapotembea unakaa vizuri. Taa nyekundu ya oili haijawahi kuwaka.

Oili ni 15W-40 ya dizeli, imebadilishwa juzi juzi pamoja na filta. Kwenye kijiti iko kati ya alama mbili, haina maji, haijapanda wala kushuka. Injini haigongi. Nimelala chini ya gari mwenyewe nikaisikiliza, sauti yake ni ileile ya siku zote.

Nimeshapita kwa mafundi wawili hapa Dodoma mjini. Wa kwanza alisikiliza maelezo yangu tu, hata kabini hakuinyanyua, akasema beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zimekwisha, tushushe sampu, bakuli la oili chini ya injini, tubadilishe beringi na pampu ya oili. Wa pili alisema ni sensa. Tukaweka nyingine, mshale ukaendelea na tabia yake. Kuna dereva wa masafa akanishauri niachane na geji kabisa, kwamba malori mangapi yanatembea bila geji na yanafika. Hilo silikubali. Injini ya dizeli ikikosa oili hata kwa muda mfupi ni krenki hiyo, na krenki ya lori hili si kitu unachokiokota dukani asubuhi ukafunga jioni.

Kwa sasa lori nimelisimamisha. Mahindi ya watu yako ghalani na wenye mzigo wananipigia simu. Nianzie wapi?

DerevaWaMtera

Pole mkuu. Umefanya la maana kulisimamisha. Mimi natembea njia ya Iringa kupitia Mtera, na dalili kama hizo niliziona kwenye gari la bosi wangu wa zamani. Kwetu ilikuwa pampu ya oili, gia zake zimelika.

Kama unataka kusogeza siku mpaka msimu uishe, weka oili nzito, 20W-50 au SAE 50. Mshale utapanda. Ila ukisikia mlio wowote wa kugonga, zima hapo hapo, usiseme nifike kijiji cha mbele.

FunditenaMzee

Ndugu yangu wa Kibaigwa, pole na mahangaiko. Mimi nimezeekea kwenye injini za dizeli hapa Dodoma, na gereji yangu iko Nkuhungu. Nitaandika kirefu kwa sababu nimeona injini nzima nyingi zikifunguliwa bure, na injini ikishafunguliwa kwenye vumbi letu hili hairudi ilivyokuwa.

Kwanza huyo dereva mtunze. Madereva wengi huutazama mshale wa oili siku ya kwanza wanapokabidhiwa gari, baada ya hapo wanatazama mafuta na upepo wa breki tu.

Sasa tuje kwenye injini. Hakuna fundi anayeweza kujua presha ya oili kwa kusimuliwa. Presha inapimwa. Dashibodi yako haioni oili, inaona umeme unaokuja kwa waya kutoka kwenye sensa. Kati ya oili na macho ya dereva pana sensa, kichwa cha waya, waya wenyewe unaopita ubavuni mwa injini na kuingia kabini, soketi nyuma ya dashibodi, geji, fyuzi, na waya wa hasi wa kabini. Kimojawapo kikiumwa, mshale unadanganya na oili haina kosa. Umeshabadilisha sensa, kwa hiyo umekagua kitu kimoja katika mlolongo wote huo.

Kabla spana haijagusa sampu, toa sensa na ufunge geji ya mkono palepale ilipotoka. Ndani ya geji ya mkono hamna umeme. Mna bomba dogo la shaba lililopindwa, oili ikiingia kwa nguvu linajinyoosha kidogo na kuusukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyesajili ubunifu huo mwaka 1849, na mpaka leo sijaona kifaa cha kuaminika kuliko hicho kwa kazi hii. Wauza mipira ya haidroliki mjini wanazo geji hizo pamoja na viungio.

Angalia nati mahali hapo, yaani meno ya kufungia. Magari ya Kijapani mengi tundu la sensa ni moja ya nane ya inchi, nati ya Kiingereza yenye meno 28 kwa inchi. Kiungio cha Kimarekani cha ukubwa uleule kina meno 27. Ukivitazama kwa macho utadhani ni kitu kimoja. Kinaingia mizunguko ya kwanza vizuri, halafu kinakaza, na fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Tundu likipasuka au kuharibika meno, hapo umejitafutia kazi ambayo hukuwa nayo. Ingiza kwa vidole kwanza. Na usitumie mpira wa plastiki laini. Oili ya moto yenye presha ikipasua mpira huo inaunguza mtu uso. Tumia mpira wa haidroliki au bomba la shaba.

Ukishafunga, usipime gari likiwa limesimama uani. Maji ya injini yakifikia joto lake, oili bado iko nyuma. Endesha mpaka Mbande urudi, ikiwezekana na mzigo, ndipo upime. Soma sailensa, kisha soma kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika.

Kuhusu namba, kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukikikosa, kipimo cha chini tunachokitumia mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Injini nzima ya dizeli ya ukubwa wa yako, ikiwa ya moto, sailensa huwa inakaa kati ya bar 1 na 2 na ushee, na kwenye mizunguko 2,000 inakuwa bar 3 hadi 5. Bar 1 ni psi 14.5, au kilopaskali 100, kwa hiyo usichanganyikiwe na maandishi ya geji utakayoipata.

Naomba nieleze pia kwa nini fundi wa kwanza alikimbilia beringi, maana hakuota. Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha inatokea kwa sababu oili hiyo inabanwa kupita kwenye upenyo mwembamba kati ya beringi na krenki. Beringi zikilika upenyo unapanuka, oili inapita bila kubanwa, presha inashuka. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita kirahisi zaidi. Na sailensa pampu inazunguka polepole. Mambo hayo yakikutana, beringi mbovu hujionyesha kwanza hapo hapo ulipopasema wewe, injini ya moto ikiwa sailensa. Kwa hiyo dhana yake ina msingi. Ninachokikataa ni kutaka kushusha sampu wakati geji ya mkono ingempa jibu kabla ya chai ya saa nne.

DerevaWaMtera, nakuheshimu kwa tahadhari yako ya kuzima gari, lakini hili la oili nzito naomba lisifuatwe. Mshale utapanda na ugonjwa utabaki palepale. Tena asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, baridi ikiwa imekaza, oili nzito inachelewa kupanda kufika kwenye vali na beringi. Injini inajisugua kavu kila inapowashwa.

Kama geji ya mkono nayo itaonyesha presha ndogo, bado usikimbilie krenki. Kuna chujio la pampu ndani ya sampu ambalo huziba kwa tope la oili iliyokaa muda mrefu. Kuna vali ya kupunguza presha, ambayo springi yake huchoka au uchafu ukaiacha wazi. Na kuna dizeli kuingia kwenye oili, hilo ni la kuogopa. Utalijua kwa kijiti: oili inapanda badala ya kushuka, inakuwa nyepesi kama maji vidoleni, na inanuka dizeli. Wewe umesema haijapanda, hilo ni jema.

Mwisho ni taa, na hapa ndipo maelezo yako yalinipa mashaka tangu mwanzo. Taa ina swichi yake, kwenye injini nyingine iko mbali na sensa ya geji, kwenye nyingine vimewekwa kwenye kifaa kimoja chenye vichwa viwili. Swichi nyingi za taa huwasha presha ikishuka karibu na nusu bar. Mshale wako unalala chini kabisa na taa haiwaki. Mashahidi wawili wanapingana. Ama geji inadanganya, ama taa imekufa. Kesho asubuhi washa swichi bila kuwasha injini uitazame taa. Lazima iwake. Isipowaka, ushahidi wake hauna thamani.

Ukiwa hapo hapo chomoa waya kwenye sensa, swichi ikiwa imewashwa, uone mshale umekwenda upande gani. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye bodi ya injini kwa sekunde chache tu. Geji nzima huenda mwisho huu ukichomoa, na mwisho wa pili ukigusisha. Kwa Kijapani ya zamani mara nyingi ukichomoa unalala chini, ukigusisha unapanda juu. Sensa za Kijerumani za VDO ni kinyume chake: omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 hakuna presha, omu 180 hivi presha imejaa, kwa hiyo waya ukikatika mshale unapanda mpaka mwisho. Nakusisitizia sekunde chache, kwa sababu geji za Kijapani za zamani ndani zina uzi mwembamba wa kupasha joto, na ukiung'ang'aniza unaungua.

Tuletee majibu.

MahindiKibaigwa

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma, nikamsomea na dereva, tukafanya kama ulivyoagiza.

Taa: tuliwasha swichi bila injini, haikuwaka. Tulifungua dashibodi tukakuta kishikio cha balbu kitupu. Hakina balbu kabisa. Lori nililinunua mkononi mwa mtu, kwa hiyo huko nyuma kuna mtu aliichomoa kwa makusudi. Nimekasirika mno. Kuuza gari kwa mtu ukijua umeitoa taa ya oili ni kumchimbia shimo.

Waya: tulipochomoa mshale ulilala chini. Tulipogusisha bodi ulipanda mpaka juu kabisa, ila taratibu, haukuruka.

Geji ya mkono: tulipata kiungio sahihi kwa muuza mipira mjini, yeye mwenyewe alikihesabu meno kwa kipimo chake kabla ya kutuuzia. Tulivuta mpira wa haidroliki mpaka karibu na mlango, tukaufunga usiguse egzosi. Kwa kuwa sensa na geji ya mkono visingeweza kukaa tundu moja, muuzaji alitupa kiungio cha njia tatu, vyote viwili vikafanya kazi kwa pamoja.

Injini baridi: geji ya mkono bar 5 na zaidi. Tukaendesha mpaka Mbande na nusu mzigo, tukarudi. Injini ya moto, sailensa: geji ya mkono bar 2. Haikutikisika hapo. Wakati huohuo mshale wa dashibodi ukawa unashuka, unashuka, mpaka sifuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni, jicho moja kwenye geji ya mkono na jingine kwenye dashibodi. Kwenye mizunguko 2,000 geji ya mkono ilikuwa bar 4 na kidogo, na mshale wa dashibodi ukarudi juu.

Kwa hiyo oili ipo na presha ipo. Mzee, ningekuwa nimeshashusha sampu ya injini nzima. Ila sasa sielewi. Sensa mpya, geji inapanda ukigusisha waya, ni nini kinachoifanya ishuke kwenye sailensa tu, tena injini ikiwa ya moto tu? Umeme unajuaje kwamba injini iko sailensa?

UmemeChangombe

Mkuu, hilo swali lako la mwisho ndilo lenyewe. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Chang'ombe hapa Dodoma. Umeme haujui kama injini iko sailensa, lakini waya unajua. Injini ya dizeli ya silinda sita inatetemeka zaidi ikiwa sailensa kuliko ikiwa inazunguka kasi. Simama mlangoni uone kioo cha pembeni: sailensa kinacheza mpaka huoni kitu, ukikanyaga kidogo kinatulia. Waya uliokatika nyuzi za ndani na ganda likabaki zima, ukitetemeshwa unaachia, ukitulia unashika.

Na asubuhi je? Mwulize dereva wako. Nina hakika asubuhi anavuta kile kitasa cha mkono kupandisha sailensa ili injini ichangamke. Kwa hiyo asubuhi hamjawahi kuiona ikiwa chini kama inavyokuwa Gairo. Halafu joto nalo lina sehemu yake. Ganda la waya likipata moto linalainika, nyuzi zilizokatika zinaachana kirahisi.

Sasa kwa nini mshale haurukiruki, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Tumezoea kwamba waya mbovu mshale unacheza. Mzee amegusia ule uzi wa kupasha joto ndani ya geji. Geji hiyo inafanya kazi kwa joto: umeme ukipita uzi unapata moto, kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja kinajipinda, mshale unasogea. Joto halipandi wala halishuki ghafla. Waya ukiachia na kushika mara nyingi ndani ya sekunde moja, geji inauchukua umeme wote uliopita kwa wastani na kuonyesha kitu cha chini. Ndiyo maana ulipogusisha bodi ilipanda taratibu. Kwa hiyo waya wako uliokatika unaigiza kabisa presha inayoshuka, hata fundi mzuri angedanganyika kwa kuutazama mshale tu.

Jaribio ni rahisi. Chukua waya mpya mrefu, upitishe nje kabisa, kutoka kwenye sensa, dirishani, mpaka nyuma ya geji. Waya wa zamani uuache umechomolewa pande zote mbili. Pasha injini moto, iweke sailensa. Mshale ukikaa, umeshinda. Ukishuka bado, basi tatizo liko kwenye geji au kwenye hasi ya kabini, na hapo utazame pia geji ya joto na ya mafuta kama nazo zinashuka wakati huohuo. Zikishuka pamoja ni hasi au umeme wa dashibodi. Ukiwasha taa kubwa usiku mishale yote ikasogea, ni hasi, usitafute kwingine.

Kama ningekuwa hapo, ningeanza kuangalia pale kabini inapojikunjia, kwenye bawaba za mbele. Kila mnaponyanyua kabini, mkanda wa nyaya unapindwa mahali palepale. Miaka mingi ya kunyanyua na kushusha, shaba inachoka. Na kitu kimoja zaidi: mlipobadilisha sensa, mliweka ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nati? Sensa ya waya mmoja inapata hasi yake kupitia nati hizo. Ukiifunga tepu nyingi inaweza kukosa hasi, na unaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

AlizetiSingida

Kaka wa Kibaigwa, hongera kwa kutokubali kuitoa geji. Naomba niongeze upande wa pili, kwa sababu wewe geji yako imekutisha bila sababu, ya kwangu ilinituliza bila sababu.

Nina lori linalobeba alizeti kutoka mashambani kuja kiwandani mjini Singida. Waya wa sensa ulisagika kwenye chasisi mpaka shaba ikawa inagusa chuma. Kwa geji za Kijapani, kama fundi alivyosema, ukigusisha bodi mshale unapanda. Kwa hiyo mshale wetu ulikuwa unasimama juu, mzuri, kila siku. Dereva anauona, anafurahi. Jiwe likatoboa sampu kwenye njia ya shamba, oili yote ikamwagika, mshale ukabaki juu. Injini ikanoki tukiwa tunautazama mshale ukituambia kila kitu kiko sawa. Krenki ilikwisha, na fimbo moja ya pistoni ilitoboa ubavu wa injini.

Tangu hapo dereva wangu nimempa sheria moja, na naomba na wewe umpe wako. Asubuhi anawasha swichi bila kuwasha injini. Mshale wa oili uwe chini kabisa na taa nyekundu iwe inawaka. Injini ikishika, mshale upande na taa izime. Mshale ukiwa juu kabla injini haijawashwa, gari haliondoki, hata kama mwenye mzigo amesimama hapo analia.

MahindiKibaigwa

Dada yangu wa Singida, pole sana kwa hasara hiyo. Sheria yako nimeichukua, dereva ameiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo.

Fundi umeme, ulichosema ndicho tulichokikuta. Nilimwuliza dereva kuhusu kitasa cha asubuhi, akasema ndiyo, kila siku anakivuta. Tepu tuliikuta, tena imezungushwa nyingi, tukaiondoa na kusafisha nati. Mshale ukaendelea kushuka. Tukapitisha waya wa dirishani. Injini ya moto, sailensa, mshale ukasimama palepale ulipotakiwa. Tukasubiri, tukazima, tukawasha, tukawasha na taa kubwa. Haukushuka.

Kisha tukanyanyua kabini, tukaufungua mkanda wa nyaya pale kwenye bawaba ya upande wa utingo. Waya wa sensa ganda lake halina hata mchubuko. Ukiupapasa kwa vidole unasikia mahali pamoja ni laini, unapinda kama uzi, kwingine kote ni mgumu. Tulipochana ganda tukakuta nyuzi za shaba zimekatika karibu zote, nyeusi, zimebaki mbili au tatu. Pembeni yake waya wa geji ya joto umeanza ugonjwa huohuo, nao tumeubadilisha.

Nimeweka waya mpya, laini, wenye nyuzi nyingi. Maungio yamechomwa kwa risasi na kufunikwa, hayapo kwenye mkunjo. Balbu ya taa ya oili nimeweka ya volti 24, na mnunuzi mwingine asije akakosea kama muuza duka alivyotaka kunipa ya 12. Ukiwasha swichi inawaka, injini ikishika inazima.

Mzee, nina maswali mawili ya mwisho. Ile geji ya mkono niiache ndani ya kabini moja kwa moja? Dereva ameipenda, anasema angeendesha nayo. Na hiyo bar 2 ya sailensa ni nzuri, au ni nzuri kwa sasa tu?

FunditenaMzee

Marahaba mwanangu. Kijana wa Chang'ombe ameifanya kazi vizuri, mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria hasi ya kabini kabla ya waya.

Ndani ya kabini usiiache. Huo ni mpira wenye oili ya moto na yenye presha karibu na miguu ya mtu. Siku ukipasuka atakuwa anateremka mlima na mzigo, na sakafu imejaa oili chini ya pedeli. Kiungio cha njia tatu kiache pale kwenye injini, tundu la pili lizibe kwa plagi ya chuma, si ya plastiki. Hakikisha hakining'inii. Kiungio kirefu chenye sensa nzito juu yake kikitetemeka kila siku huvunjika shingoni, na kikivunjika oili yote inatokea hapo. Kama ni kirefu, kifunge na kipande cha bati kwenye boliti ya karibu.

Bar 2 kwa injini ya moto ni afya nzuri. Iandike kwenye daftari la lori pamoja na ile ya mizunguko 2,000, tarehe, kilomita, na aina ya oili iliyokuwemo. Ukija kubadilisha oili, fungua plagi, funga geji ya mkono, endesha mpaka Mbande urudi, pima tena kwa oili ya aina ileile. Bar 2 ikiwa 1.8 usihangaike. Ikishuka kila ukipima, 1.5, halafu 1.2, hapo ndipo tutaongea habari za chujio la pampu na beringi, tena kwa mpango, baada ya msimu, injini ikiwa bado inajiendea yenyewe mpaka gereji.

Na waya wa geji ya joto umefanya vema kuubadilisha. Mkanda huo una waya wa kuzimia injini na wa taa za nyuma, zipapase zote kabla hujaufunga.

MahindiKibaigwa

Tumezipapasa. Wa taa ya breki nao ulikuwa laini, umebadilishwa. Plagi ya chuma imefungwa, daftari limeandikwa. Mzigo unapakiwa sasa hivi.